Fundi Robo na Matundu Saba

Kesi ya kwanza ya Fundi Robo hospitalini ilihusu kiti cha magurudumu. Nesi wa zamu alitoka wodini kupeleka mafaili, akarudi baada ya robo saa, akakuta kiti kimepinduliwa chali sakafuni, magurudumu yameng'olewa, na gololi zake zimepangwa safu kwenye trei ya chakula cha mgonjwa. Katikati ya fujo hiyo alikuwa amepiga magoti mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mikono myeusi hadi viwikoni, akipuliza ekseli kama mtu anayepoza chai.

"Mzee, unafanya nini?" nesi akauliza, kwa upole wa mtu anayejizuia.

"Hili gurudumu linalia, mwanangu. Tangu juzi linalia na hakuna anayelijali."

"Hapa wanaolia ni wengi, mzee, na hatumfungui mtu skrubu."

Kitandani kukasikika sauti ya ajabu. Mgonjwa, binti wa miaka kumi na tisa aliyefungwa bendeji kuanzia bega mpaka goti, alikuwa anacheka. Kwa kuwa mtulinga wake ulikuwa umevunjika, kila akicheka aliguna kwa maumivu, na kila akiguna kicheko kilianza upya. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu ajali, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza. Nesi alikitazama kiti, akamtazama mgonjwa, akatazama saa yake.

"Una dakika kumi," akasema. "Na ukimaliza hicho, kitoroli cha dawa nacho kinachechemea."

Ndivyo alivyoingia. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa ametengeneza viti vinne, kitoroli cha dawa, kitoroli cha chai, na mlango wa bafu uliokuwa na tabia ya kubana watu vidole. Daktari mkuu alipopita kukagua aliuliza ni kampuni gani imepewa kazi hiyo.

"Ni mjomba wa kitanda namba sita," nesi akajibu, kana kwamba hicho ni cheo.

Jina la Robo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Ukimpelekea gurudumu lililopinda, hulifunga kwenye jiliwa, hulizungusha, hufumba jicho moja, kisha huanza kukaza spoku mojamoja: robo mzunguko hapa, robo mzunguko pale. Mteja mwenye haraka akisema, "Fundi, kaza basi tuondoke," jibu lilikuwa lile lile miaka nenda miaka rudi: "Robo, bwana. Ukikaza kwa mkupuo, unanyoosha huku unapinda kule." Wengine husema haraka haraka haina baraka na kuishia hapo. Yeye alikuwa na spana ya kuthibitishia.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati unaotazama barabara. Rimu zilining'inia darini, tairi kuukuu zilijaa kona, na juu ya meza, kwenye msumari wake, lilitundikwa daftari la jalada gumu lililovimba kwa grisi. Humo mlikuwa na vipimo vya kila mtu aliyewahi kumtengenezea baiskeli ya mbio: urefu wa siti, umbali wa hendeli, urefu wa mikono ya pedali. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake, na kalamu ya daftari hilo haikuguswa na mkono mwingine. Mtu akiacha kuendesha, kwa kuzeeka, kwa kuoa mke mwoga au kwa kufa, Fundi alichukua rula akapiga mstari mmoja kukatiza ukurasa wake, kona hadi kona. Kisha alilitundika daftari, akaendelea na tairi la mtu mwingine.

Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na mstari, nao ulikuwa wake. Aliwahi kuendesha mbio yeye pia, enzi za kiuno chembamba, mpaka alipoanguka kwenye mteremko akaumia mgongo, miaka ishirini na mitatu iliyopita. Mgongo ulipona, ila Fundi hakupanda tena. Mtaa mzima ulikuwa umezoea kumwona akizisukuma baiskeli za watu kwa miguu, moja kila mkono, kama mchungaji anayerudisha ng'ombe. Walimtania mpaka wakachoka. Kinyozi hajinyoi, walisema, naye alicheka pamoja nao kisha akauliza habari za watoto wao.

Sasa mgonjwa wa kitanda namba sita, mtoto wa dada yake, ndiye aliyekuwa na ukurasa anaoupenda kuliko yote. Walimwita Cheche tangu akiwa na miaka minne, siku alipochukua dukani baiskeli ndefu kuliko yeye, akapitisha mguu katikati ya fremu, akaiendesha mpaka ndani ya kibanda cha muuza magazeti. Alipofika kumi na tisa alikuwa anawaacha wenzake kwenye milima mpaka wanauliza kama amekata njia. Siku ya ajali alikuwa wa pili, zimebaki kona mbili. Aliyekuwa mbele yake aliteleza, na Cheche hakuwa na pa kupita. Paja la kushoto lilivunjika vipande vitatu, goti likaumia, mtulinga ukakatika.

Baiskeli ililetwa dukani kwa mkokoteni. Fundi aliikagua siku mbili, bolti kwa bolti, akitafuta kosa lake. Hakulipata. Mwingine angeshukuru, yeye alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akalia kwa sauti, kwa sababu lingekuwa kosa lake, angalau angekuwa na kitu cha kutengeneza.

Wiki ya sita Cheche aliruhusiwa kwenda nyumbani, na chuma kirefu ndani ya paja. Daktari aliwaita watatu ofisini: Cheche, mama yake na Fundi. Huyo mama alikuwa mshonaji, dada mkubwa wa Fundi, mwanamke ambaye futi ya kupimia haikutoka shingoni hata siku za misiba.

"Mfupa unaunga vizuri," daktari akasema. "Shida ni goti. Limekakamaa. Wiki ya kumi na sita mtarudi kliniki, na siku hiyo nataka lijikunje digrii tisini."

"Tisini ndiyo nini?" mama akauliza.

"Kona ya hii meza. Lisipofika, itabidi tumlaze usingizi tulikunje kwa nguvu, na hapo siahidi kitu. Wengine wanabaki na mguu ulionyooka kama fimbo maisha yao yote. Baiskeli ndiyo basi tena."

Fundi aliitazama kona ya meza kwa muda mrefu. Daktari alikuwa anafungua picha nyingine ya eksirei aendelee, wakati huko ukumbini kilipopita kiti kinacholia. Fundi alikijua: ni kile cha tatu, alichokitengeneza Jumanne. Haiwezekani kilie. "Nipeni dakika moja," akasema, akatoka na spana yake.

Aliporudi mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Cheche alikuwa anatazama dirishani, na mama yake anakunja karatasi kuzitia mkobani.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu," dada yake akasema. "Twende."

Siku nne baadaye Fundi alifika nyumbani kwa dada yake na mzigo uliozuia mlango. Alikuwa amekata fremu kuukuu ya baiskeli, akaichomelea miguu ya chuma isitikisike, na gurudumu la nyuma likasugua kipande cha ubao ili kuwe na uzito kidogo. Aliisimamisha sebuleni, katikati ya cherehani na dirisha. Maajabu yalikuwa kwenye mikono ya pedali. Aliichonga kwa chuma bapa, na kila mmoja aliutoboa matundu saba kwa mstari. Pedali ikiwa tundu la kwanza, mguu unazunguka duara dogo kama la kukoroga chai. Tundu la saba ni urefu wa mbio. Alikuwa amekata pembe za kadibodi, akapiga hesabu zake kisirisiri, akapata kwamba tundu la tano ndilo kona ya meza ya daktari.

"Kila baada ya siku kumi, tundu moja," akatangaza. "Robo robo. Tutalinyoosha."

"Tunalikunja, Mjomba," Cheche akasema. "Kunyooka limeshanyooka."

Fundi alifungua daftari kwenye ukurasa wa mpwa wake, akasoma urefu wa siti, akaipandisha mpaka sentimita sabini na moja na nusu, akaikaza. Cheche alimwangalia akiwa ameegemea magongo.

"Hunipimi upya?"

"Nikupime upya ya nini? Kipimo chako nakijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa."

Cheche alitazama chini, akasema, "Sawa." Mama yake, kwenye cherehani, alikata uzi kwa meno.

Mazoezi yalianza, na nyumba hiyo ikawa haikaliki. Fundi alihamia pale kila alasiri, akaacha dukani kipande cha boksi kilichoandikwa "Fundi yuko mbioni". Alikaa mbele ya Cheche na spana mdomoni kama kipaza sauti, akitangaza mashindano. "Wapenzi wasikilizaji, tunaupanda mlima. Cheche yuko mbele, lakini nyuma yake namwona mshonaji, mshonaji anakuja na cherehani yake, ana gauni la bibi harusi mkononi na hana huruma." Mama naye, ambaye cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, aliingiwa na ushindani uzeeni. Alikanyaga huku ameuma midomo. Alishinda kila siku, na siku moja alishinda kwa kasi mpaka akashona mkono wa gauni ukafunga pande zote mbili.

Tundu la kwanza lilipita, la pili likapita, la tatu likapita kwa jasho. Kila Jumatano walikwenda hospitali kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mpana mwenye mikono ya joto, ambaye wagonjwa walimwita Mama Kunja kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akitumia neno jingine. Ukilia, kunja. Ukimsalimia, kunja. Alipima goti kwa kipimo chake cha plastiki na kuandika tarakimu kwenye kadi. Hamsini na nane. Sitini na tano. Sabini na mbili.

Ndipo mambo yakakwama. Pedali zilihamia tundu la nne, na kadi ikabaki sabini na mbili Jumatano ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Cheche alizungusha dakika tano akasimama. Alikaa upande upande. Alisema nyonga inamuuma, kiuno kinamuuma. Kliniki ilikuwa imebakiza wiki tatu. Fundi alirudia hesabu zake za kadibodi mara tatu, na kila mara zilimwambia kwamba mtu anayezungusha tundu la nne goti lake linafika themanini.

"Hizi namba hazipatani," akasema alasiri moja, spana ikiwa mkononi na utangazaji umemwisha. "Chuma hakidanganyi."

"Kwa hiyo mimi ndiye nadanganya?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, Mjomba. Umesema kwa chuma."

"Nasema kaa sawasawa. Unakaa kama mtu anayeona haya kukaa. Ukikaa hivyo goti litafanyaje kazi? Unataka mguu wa fimbo?"

Aliyasema hayo yakiwa yametoka moja kwa moja kwenye hofu yake bila kupitia kichwani. Cheche alishuka taratibu, akachukua magongo, akaenda chumbani. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole, na hilo lilimuuma Fundi zaidi ya kubamizwa. Alirudi dukani, akafunga rimu ya mteja kwenye jiliwa, akakaza spoku mzunguko mzima kwa mkupuo. Ilikatika kwa kishindo. Muuza magazeti, aliyekuwa anapita, alisimama kutazama, maana kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuona jambo kama lile.

Asubuhi yake Fundi alikwenda kuomba radhi. Alikuwa ameandaa maneno njiani, mazuri tu, lakini Cheche hakuwepo. Jirani mwenye gari alikuwa amempeleka kwa Mama Kunja. Dada yake alikuwa anapiga pasi. Juu ya kochi palikuwa na rundo la nguo za Cheche zilizofuliwa.

"Kaa," dada akasema. "Au kama huwezi kukaa, kunja nguo."

Fundi hakuwa mtu wa kuacha mikono bure. Alichukua suruali akaikunja kama anavyokunja kila kitu, ukingo kwa ukingo, mshono kwa mshono. Pindo za chini hazikukutana. Aliikung'uta akajaribu tena. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi.

"Dada, hii umeiharibu."

"Ehe."

Alichukua ya pili. Kushoto fupi. Ya tatu, suruali ya michezo, kushoto fupi. Ya nne ilikuwa ya shule, ya zamani, ambayo Cheche aliivaa nyumbani tu; nayo pindo la kushoto lilikuwa limepandishwa kwa uzi mpya.

"Zote umezikosea?"

Dada yake aliisimamisha pasi. "Mdogo wangu, nashona mwaka wa thelathini huu. Umewahi kuona nimekosea pindo?"

Fundi alisimama na suruali mkononi. Kuna mambo huingia kichwani kwa robo mzunguko, na hili liliingia hivyo, likibana kila hatua.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Sentimita mbili. Mfupa ulivyounga."

"Tangu lini mnajua?"

"Tangu siku ile ofisini kwa daktari, ulipotoka kukimbilia gurudumu."

"Miezi miwili, dada. Kwa nini hamkuniambia?"

"Alinikataza. Aliniapisha kabisa." Mshonaji alivua futi shingoni, akaizungusha kidoleni, akaivaa tena. "Alisema, Mjomba akijua kipimo changu kimebadilika, atachukua rula."

Fundi alikaa chini, juu ya nguo zilizopigwa pasi, na dada yake hakumfukuza. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Yeye anayeona rimu ikitikisika kwa unene wa unywele, yeye anayesikia gololi kavu kutoka mwisho wa ukumbi, alimtazama mtoto huyu alasiri zote hizo asione. Tena si kwamba hakuona, alikataa kupima. Na mtoto, badala ya kuogopa maumivu, alikuwa anaogopa rula yake.

Kisha, kwa kuwa fundi ni fundi hata akiwa na machozi, akili yake ilihama yenyewe ikaenda kwenye mashine. Kama mguu umepungua sentimita mbili na siti iko pale pale, basi pedali ya kushoto iko mbali. Ikishuka, mguu hauifikii, na nyonga inashuka kuifuata. Ndiyo maana kiuno kinauma. Ikipanda, haipandi vya kutosha kwa mguu huo, na goti linapita bila kujikunja inavyotakiwa. Cheche hakuwa amekaa vibaya. Alikuwa amekaa namna pekee ambayo mashine ile ilimruhusu.

"Ni kosa langu," akasema. Akalirudia, na mara ya pili sauti ilikuwa na kitu kama furaha. "Dada, ni kosa langu. Nimelipata. Una mkasi wa kukatia mpira?"

"Mkasi wangu haukati mpira. Hata nikifa, usiukatie mpira."

Alikwenda dukani akitembea kwa namna ambayo, kwa mtu wa umri wake, inaitwa kukimbia. Alikata tairi kuukuu vipande vinne, akarudi navyo pamoja na daftari, akavibandika kimoja juu ya kingine, akavisugua kwa msasa mpaka futi ya dada yake ikasema sentimita mbili kamili. Cheche aliporudi alimkuta amelala chini ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana, anafunga kipande hicho cha mpira juu ya pedali ya kushoto.

"Mama kasema," Cheche akasema. Haikuwa swali.

"Mama hajasema. Suruali ndizo zimesema." Alijitoa chini ya mashine, vumbi usoni. "Nilikutukana jana. Kosa lilikuwa la mashine, na mashine niliijenga mimi. Nisamehe, mwanangu."

Cheche alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Mama Kunja aliniuliza kama baiskeli ya nyumbani imepimwa upya. Nikamwambia ndiyo. Kwa hiyo na mimi nilidanganya."

"Tumetoka sare."

Fundi alilichukua daftari, akafungua ukurasa wa mpwa wake, akauweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Cheche aliukazia macho mkono wa mjomba wake, aone unakwenda kwenye rula au kwenye kalamu. Ulikwenda kwenye kalamu. Chini ya vipimo vya zamani, kwa mwandiko wake wa kulazimisha, Fundi aliandika: *Kushoto, mpira, sm 2.*

"Na siti?" Cheche akauliza kwa sauti ndogo.

"Siti ni ile ile. Mpira umeirudisha pale pale. Sabini na moja na nusu."

"Na mstari?"

"Mstari ni wa walioacha. Wewe umeacha?"

"Sijaacha."

"Basi panda, unanichelewesha."

Cheche alipanda. Alizungusha mara moja, akasimama, akatazama chini kana kwamba mguu si wake. Nyonga haikushuka. Akazungusha tena, na goti likagoma, safari hii goti lenyewe, mahali pake panapostahili kuuma. Aliuma meno akaendelea. Mama yake alisukuma kitambaa pembeni, akaanza kukanyaga cherehani ikiwa haina hata uzi.

Alipopumzika, jasho likimtiririka, Cheche alinyoosha mkono akalivuta daftari. Alipekua kurudi nyuma mpaka ukurasa wa kwanza, akaweka kidole juu ya mstari.

"Na huyu, aliacha?"

Fundi alikohoa. "Huyo alikuwa na mgongo."

"Mgongo ulipona kabla sijazaliwa."

"Ulipona, ndiyo. Lakini unajua, kazi nyingi, na tumbo nalo..."

"Mjomba. Goti langu likifika tisini, nipe kalamu."

Fundi alikubali upesi, kama watu wanavyokubali mambo ambayo bado yako mbali. Dada yake alisikia na kuhifadhi.

Jumatano iliyofuata kadi ilisema sabini na saba. Iliyofuata, themanini na mbili. Walihamia tundu la tano saa chache kabla ya wakati kwa sababu Cheche aliliiba: Fundi alifika akakuta pedali zimeshahamishwa na spana imefichwa chini ya vitambaa, na alipogomba kidogo juu ya haraka alijibiwa kwamba robo ya siku si haraka.

Siku ya kliniki daktari alisimama kando ya Cheche, mama akakaa, Fundi akakataa kukaa. Ukumbini kilipita kiti kinacholia kwa kilio cha kusikitisha. Alikisikia. Jasho lilimtoka, lakini hakugeuza hata shingo. Mama Kunja aliweka kipimo chake kwenye goti.

"Themanini na nane," daktari akasoma.

Mshonaji alishika futi yake kwa mikono miwili.

"Kunja," akasema Mama Kunja.

Cheche alifumba macho. Fundi alijikuta amepiga magoti mbele yake, kama siku ile ya kiti, akinong'ona, "Robo tu. Robo tu, mwanangu. Usikaze yote. Robo." Goti lilisogea kidogo, likatetemeka, likasogea tena. Mama Kunja aliinama akasoma mwenyewe, akasoma mara ya pili, akaweka kipimo mezani.

"Inatosha," akasema, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nje walitazamana, maana hawakujua kwamba ana neno la pili. Kadi iliandikwa tisini na moja.

Fundi alilia pale pale, bila kujificha, na alipomaliza alitoka kwenda kukitafuta kile kiti.

Jumapili yake Cheche alifika dukani kwa gongo moja tu, futi ya mama yake shingoni, na mama mwenyewe nyuma yake amebeba chai kwenye chupa. Fundi alijaribu kusema kwamba ana rimu ya mtu wa haraka. Alisimamishwa ukutani, akapimwa mguu, akapimwa mkono, akaambiwa avute pumzi na asiivute yote. Cheche alifungua ukurasa wa kwanza, akashika kalamu ambayo hakuna mkono mwingine uliwahi kuishika. Mstari haukufutika, na hakujaribu kuufuta. Aliandika chini yake, kwenye nafasi ndogo iliyobaki, urefu wa siti mpya, umbali wa hendeli mpya, na pembeni, kwa herufi za kusomeka: *Tumbo, lisamehewe.*

Baiskeli waliyoichagua ilikuwa ya mwalimu mmoja, nzito, imara, isiyojua aibu. Fundi aliishika hendeli kwa muda mrefu.

"Naogopa," akasema.

"Najua," Cheche akajibu. "Mimi nitaogopa mwezi wa kumi, daktari akiniruhusu barabarani. Nataka uwe mbele yangu siku hiyo. Sasa nenda robo tu, Mjomba. Mpaka kwa muuza magazeti, ugeuke, urudi."

Alipanda. Baiskeli iliyumba kushoto, ikayumba kulia, kuku wa jirani wakaokoa maisha yao, kisha ikanyooka. Watu walitoka milangoni mmoja mmoja. Walisimama tu wakamtazama fundi wao anapita, ameinama kidogo, kichwa mbele, viwiko ndani, kama mtu aliyewahi kufundishwa vizuri zamani. Alifika kibandani kwa muuza magazeti. Hapo ndipo palipokuwa pa kugeukia.

Hakugeuka.

"Anakwenda wapi huyu?" dada yake akauliza, chupa ya chai mkononi.

Cheche alilifunga daftari akalitundika kwenye msumari wake, akavuta ile ndoo, akaifudikiza mlangoni, akakaa na mguu wa kushoto ameukunja.

"Tumsubiri, Mama," akasema. "Ana miaka ishirini na mitatu ya kuzunguka."